Boma la Utete lipewe mto wake

Wilaya ya Rufiji imebeba jina la mto, na makao yake makuu, Utete, yamekaa ukingoni mwa mto huohuo, upande wa kusini, mahali ambapo mtu akitoka bomani na kuteremka kidogo anakuta mitumbwi. Lakini neno la mwisho kuhusu maji ya mto huo halitoki Utete. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ina makao yake Iringa. TANESCO, shirika la umeme ambalo ndilo lenye milango ya bwawa la Julius Nyerere mkononi, linaongozwa kutoka Dodoma. Wizara za Maji, Nishati na Kilimo ziko Dodoma. Boma la Utete limeachiwa kazi ya kuhesabu: nyumba ngapi zimezama, ekari ngapi za mpunga zimesombwa, kaya ngapi zimehifadhiwa madarasani.

Kazi ya kuhesabu hasara haitoshi kuwa kazi ya makao makuu ya wilaya. Gazeti hili linatamka kwamba mpangilio huu ni mbovu, kwamba umewagharimu watu wa bondeni kwa zaidi ya nusu karne chini ya majina mbalimbali, na kwamba unapaswa kubadilishwa kabla masika nyingine haijaingia.

Tuanze na mwaka 2024, kwa kuwa jeraha lake bado bichi. Bwawa lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Mtambo wa kwanza kati ya tisa, kila mmoja wa megawati 235, ukaanza kuzalisha umeme Februari 2024. Msimu huohuo mvua za El Niño zilikuwa zinapiga bonde zima, na bonde hilo si dogo: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu zote zinaishia humo, na kwa ukubwa linakaribia moja ya tano ya Tanzania Bara. Bwawa likajaa, maji yakafunguliwa, na mvua za huku chini nazo hazikukoma. Machi na Aprili maji yakaingia Muhoro, Chumbi, maeneo ya Ikwiriri na upande wa pili katika wilaya jirani ya Kibiti. Mashamba yakawa ziwa. Watu walipita kwa mitumbwi juu ya mazao yao wenyewe.

Serikali ilieleza wakati ule kwamba chanzo ni mvua, kwamba Rufiji imekuwa ikifurika tangu enzi, na kwamba bwawa limepunguza ukali wa maji badala ya kuuongeza. Hatuna sababu ya kuwabishia wahandisi. Bwawa kubwa kiasi kile linaweza kupokea wimbi la maji na kulitoa polepole, na hakuna mwenye akili timamu anayedai kwamba bonde la Rufiji lilikuwa kavu kabla ya zege kumwagwa. Swali letu ni jingine, na maelezo yale hayakuligusa. Mkulima wa Muhoro aliambiwa nini kabla maji hayajafika? Aliambiwa siku gani? Aliambiwa na nani, na mtu huyo alipata taarifa yake wapi?

Tangazo la kwamba wananchi waishio mabondeni wachukue tahadhari halimsaidii mtu yeyote. Limetolewa mara nyingi sana, kila mwaka, kwa maneno yaleyale, hata limekuwa kama salamu. Onyo la kweli lina siku, lina kina, lina mahali. Linasema: kuanzia Jumatano kiasi hiki cha maji kinafunguliwa, yatapita Mloka siku fulani, yatafika Utete siku fulani, na yatapanda hadi alama fulani, walioko chini ya alama hiyo watoe mbegu, mifugo na watoto. Zamani onyo la namna hiyo lisingewezekana, maana mvua haina mwenyewe wa kuulizwa. Leo linawezekana. Juu ya mto kuna milango, milango ina wahudumu, na wahudumu wana vipimo vya kila saa. Tangu siku milango ile ilipofungwa kwa mara ya kwanza, sehemu kubwa ya maji yanayoteremka ni maji ambayo kuna binadamu aliyeamua yateremke. Uamuzi wa binadamu unaweza kutangazwa. Usipotangazwa vizuri, kuna wa kuwajibika.

Wapo watakaojibu haraka: wahame. Wamejibu hivyo tangu mwaka 1968.

Mwaka ule mto ulifurika vibaya, na Serikali ikaendesha Operesheni Rufiji, moja ya operesheni za mwanzo kabisa za kuhamishia watu vijijini katika nchi hii, miaka kadhaa kabla ya zile za nchi nzima. Watu wakatolewa bondeni wakapelekwa kwenye ardhi ya juu, katika vijiji kama Nyamwage na Chumbi. Nyumba zilihama. Mashamba hayakuhama, na yasingeweza kuhama, kwa sababu rutuba ya Rufiji iko bondeni. Ardhi ya juu ni mchanga unaokubali mikorosho, mihogo na ufuta lakini unaukataa mpunga. Hivyo mkulima akawa na makazi mawili. Juu ana nyumba yenye namba ya kaya, shule na mjumbe. Chini ana dungu, kile kibanda cha kuinuliwa juu ya nguzo, ambamo familia huishi miezi mingi ikilinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Anayepita barabarani akaona kijiji kitupu atasema watu hawa ni wavivu wa kukaa walikopangiwa. Wako kazini.

Na kazi yenyewe ina elimu yake. Mpunga unaingia ardhini vuli, Novemba na Desemba, ili maji ya masika yanapopanda uwe umeshapata urefu wa kupanda nayo. Yakija mapema mno yanaufunika mche mchanga. Yakichelewa, jua linauunguza. Yakija kwa kiasi na kwa wakati, yanaacha tope jipya, na tope hilo ndilo mbolea. Maji yakishuka, Mei au Juni, unaanza msimu mwingine ambao wenyeji wanauita mlau: mahindi, kunde na maboga, na zamani pamba, vyote vikipandwa kwenye unyevu uliobaki, bila tone la mvua. Watu wachache sana katika nchi hii wana uwezo wa kuvuna mahindi bila mvua na bila mfereji. Warufiji wamefanya hivyo tangu kabla ya boma lolote kujengwa. Mafuriko hayohayo ndiyo hujaza maziwa ya pembeni mwa mto, Zumbi, Ruwe, Utunge na mengineyo, na kuyapelekea samaki. Mwaka ambao mto haukutoka kabisa kwenye kingo zake si mwaka wa neema Rufiji. Ni mwaka wa kukosa mpunga, kukosa mlau na kuvua nyavu tupu.

Tumelieleza hili kwa urefu kwa makusudi, kwa kuwa ndipo penye kosa la msingi. Kila ofisi iliyo mbali na mto huu inayaona mafuriko kama maafa na maafa tu, na kwa hiyo inadhani kazi ikimalizika kwa kuyazuia, basi imetendeka vema. Boma lililo ukingoni, likiwa na masikio, lingejua kwamba watu wake wanaogopa vitu viwili kwa pamoja, maji mengi kupita kiasi na maji kutokuja, na kwamba bwawa linaweza kuleta vyote viwili. Mtambo wa umeme unapenda maji yatiririke kwa kiasi kilekile mwaka mzima. Mpunga unataka maji yapande na kushuka. Hizo ni haja mbili tofauti zinazopaswa kukutanishwa mezani, na hadi sasa meza hiyo haiko Utete.

Haijawahi kuwa Utete. Mwaka 1975 Serikali iliunda RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde hili, ikiwa na ndoto ya bwawa la Stiegler's Gorge na kilimo kikubwa. Makao yake yaliwekwa Dar es Salaam. Ilidumu miaka zaidi ya arobaini, ikafutwa, na mwananchi wa Rufiji akabaki bila mfereji, bila mashine ya kukoboa mpunga aliyoweza kusema imetoka kwao, na bila bwawa. Bwawa lilipokuja kujengwa kweli, mkataba wake ukasainiwa Desemba 2018 na jiwe la msingi likawekwa Julai 2019, lilikuja kama mradi wa taifa, na ni haki liwe la taifa. Megawati 2,115 ni jambo kubwa. Nchi ilikuwa inahangaika na mgawo wa umeme, viwanda vikisimama na saluni zikifungwa mchana, na gazeti hili halitajiunga na wanaosema lisingejengwa. Limejengwa. Kwa sababu hiyohiyo watu wanaoishi chini yake wana haki ambayo hawakuwa nayo zamani, ya kuambiwa ratiba yake na kusikilizwa kabla haijapangwa.

Sheria haikatai. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaweka mpangilio: mahitaji ya binadamu kwanza, kisha maji ya kuhifadhi mazingira ya mto, ndipo matumizi mengine, umeme ukiwemo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inatambua kamati za maafa hadi ngazi ya wilaya na chini yake. Kinachokosekana ni waya unaounganisha sheria hizi mbili na mtu wa bondeni. Kamati ya wilaya inayopata taarifa ya maji kwa kuyaona yakipita dirishani haiwezi kusimamia maafa. Inaweza kuyapokea tu, pamoja na mahindi ya msaada na mahema.

Kuna atakayesema kwamba tunadai makubwa kwa mji mdogo, kwamba halmashauri ya pembezoni haina wataalamu wa kukaa meza moja na wahandisi. Jibu lipo palepale Utete, na ni jibu ambalo Tanzania ingepaswa kulifundisha kila mwaka katika vyuo vya serikali za mitaa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Rufiji ilikuwa moja ya wilaya mbili, nyingine ikiwa Morogoro Vijijini, zilizoingizwa katika mpango ulioitwa TEHIP, kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya na Kanada kupitia shirika lake la IDRC. Wazo lenyewe lilikuwa jepesi. Watafiti walihesabu nyumba kwa nyumba nani amekufa na kwa ugonjwa gani, kisha wakaipelekea timu ya afya ya wilaya matokeo yakiwa yamechorwa kwa namna ambayo mganga mkuu na mwekahazina wote wanaelewa. Picha ikaonekana: malaria na magonjwa ya watoto yalikuwa yanaua sehemu kubwa ya watu huku yakipewa sehemu ndogo ya fedha. Timu ya wilaya ikageuza bajeti ifuate vifo. Fedha zilizoongezwa zilikuwa chache, chini ya dola 2 kwa kila mtu kwa mwaka. Ndani ya miaka michache vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vikapungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Watu waliofanya hayo hawakuletwa kutoka ng'ambo. Walikuwa watumishi wa kawaida wa halmashauri, katika mji uleule wa vumbi, na majengo yaleyale. Walichoongezewa ni taarifa sahihi kwa wakati, na ruhusa ya kuamua. Hatuoni ni kwa nini boma lililoweza kuiongoza bajeti ya dawa kwa kufuata takwimu za vifo lishindwe kuongoza kalenda ya mbegu kwa kufuata takwimu za maji. Waliolifikisha boma hapa lilipo ni wale walioamua kutolipatia takwimu hizo.

Sasa tuseme yanayolihusu boma lenyewe, maana kulitetea hakutuzuii kulikaripia.

Makao makuu ya wilaya yanapaswa kufikika. Utete imekaa nje ya barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi, kilomita zipatazo 33 kutoka Nyamwage, na kwa miongo mingi kilomita hizo zilikuwa za udongo: vumbi kiangazi, utelezi masika. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003 liliwaokoa wasafiri wa kusini na pantoni ya Ndundu, na biashara ikafuata lami, ikatulia Ikwiriri. Utete ikabaki na mihuri. Mtu wa Mkongo au Mwaseni, walio ng'ambo ya kaskazini, akifuata barabara inambidi ateremke hadi Ikwiriri, avuke daraja, aende Nyamwage, kisha arudi tena kuufuata mto juu hadi Utete, safari ya kuzunguka ili kufika mahali palipo ng'ambo tu ya maji. Anayetaka mkato anapanda mtumbwi, katika mto wenye mamba na viboko. Mjamzito aliyepewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya anachagua kati ya hayo mawili. Ahadi za lami zimetamkwa na bajeti zimesomwa. Tunachotaka kuona ni gari la wagonjwa likifika Utete mwezi wa Aprili bila kusukumwa. Lolote pungufu ya hapo lisihesabiwe kuwa barabara imekamilika.

Kabla Kibiti haijafanywa wilaya inayojitegemea, watu wa delta walikuwa wanatoka visiwani kwa mashua hadi bara, wanapanda gari, wanalala njiani, ili kupata saini moja Utete. Mgawanyo ule uliwapunguzia adha, na ulikuwa wa haki. Lakini uliukata mto vipande viwili. Delta na mikoko yake iko Kibiti, bonde la kati liko Rufiji, na samaki, chumvi na mafuriko hayajui mpaka huo. Halmashauri hizi mbili zisipokaa pamoja kuhusu maji, kila moja itakuwa inazungumza na Iringa na Dodoma kwa sauti ya nusu.

Halafu kuna watumishi. Ni ugonjwa wa zamani wa wilaya za pembezoni katika nchi hii kwamba mtumishi anapangiwa makao makuu ya wilaya lakini moyo wake, familia yake na mara nyingi kitanda chake viko katika mji mkubwa. Hatumtaji mtu wala hatudai kwamba wote wako hivyo. Wapo waliolima, waliooa na kuzeeka katika miji ya namna hii wakiitumikia. Tunasema kanuni: aliyepangiwa Utete aishi Utete. Nyumba za watumishi zijengwe kwanza, ndipo visingizio vikomeshwe. Afisa kilimo ambaye hajawahi kulala dunguni wakati maji yanapanda hana cha kumwambia mkulima kuhusu tarehe ya kupanda.

Na kuna ardhi. Kila baada ya mafuriko viongozi wanasimama juu ya magari na kuwaambia watu wahamie maeneo ya juu. Vizuri. Viwanja viko wapi? Vimepimwa? Vina hati, vina kisima, vina njia ya kuteremkia shambani? Mwaka 1968 watu waliambiwa wahame bila kuulizwa, na waliohama wakaachiwa wapambane wenyewe na umbali kati ya nyumba na shamba. Halmashauri inayotaka kusikilizwa safari hii ianze kwa kupima viwanja kiangazi, maji yakiwa chini na hakuna anayelia, na itambue kwa maandishi haki ya familia kwenye shamba lake la bondeni. Mtu anayejua kwamba shamba lake la chini halitachukuliwa na mwekezaji atakapopanda juu, atapanda juu.

Rufiji haiwezi tena kusema haina mtu wa kuisemea. Maji yalipopanda mwaka 2024 mbunge wake, Mohamed Mchengerwa, ndiye aliyekuwa Waziri wa TAMISEMI, mwenye dhamana ya halmashauri zote za nchi. Ukaribu wa namna hiyo na madaraka hauji mara nyingi kwa wilaya ya vijijini, na wananchi wana haki ya kuuliza kwa sauti umeacha taasisi gani yenye kudumu baada ya misafara kuondoka. Hili ni jimbo ambalo mwaka 1965 lilimnyima kura Bibi Titi Mohamed, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya uhuru. Wapiga kura wa bondeni hawajawahi kuwa watu wa kupewa majina wakatosheka.

Boma hili lina historia ambayo haipaswi kujirudia. Wajerumani waliweka boma lao Muhoro, na hapohapo tarehe 4 Agosti 1905 wakamnyonga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, vita vya Maji Maji vikiwa vimeanza kuwaka kutokana na mashamba ya pamba ya kulazimishwa. Baadaye makao yakahamia Utete. Sababu za kuliweka boma karibu na mto zilikuwa za mtawala: mazao yateremshwe kwa vyombo vya maji, kodi ikusanywe, watu wa bondeni waonekane. Serikali ile iliujua mto kwa kiasi ilichotaka kuuchuma. Serikali ya wananchi imekuwa mwenyeji wa boma hilo tangu 1961 na bado haijalipatia sababu mpya ya kukaa pale.

Sababu hiyo tunaitaja. Kila Oktoba, kabla mbegu hazijaingia ardhini, TANESCO na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji waje Utete, mbele ya madiwani wa Rufiji na Kibiti na wawakilishi wa wakulima na wavuvi, waweke mezani ratiba ya maji ya msimu: kiasi gani kinatarajiwa kufunguliwa, miezi gani, na ni mafuriko kiasi gani yataruhusiwa kwa ajili ya mpunga, tope na maziwa. Ratiba ijadiliwe, na halmashauri ziwe na nguvu ya kuikataa ikiwa inaua msimu. Mvua zikibadilisha hesabu, kama zitakavyofanya, mabadiliko yatumwe siku hiyohiyo bomani, na kutoka bomani yafike kwa kila mtendaji wa kijiji kwa simu, redioni kwa Kiswahili chepesi, na kwenye spika za misikiti baada ya sala, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ambayo habari za misiba na za harusi hufika kila nyumba Rufiji. Sehemu ya mapato ya umeme unaozalishwa na mto huu itengwe kisheria kulipia kazi hiyo na kufidia mashamba yanayozamishwa na maji yaliyofunguliwa kwa uamuzi. Fedha za hisani zinazotolewa mbele ya kamera haziwezi kuchukua nafasi yake.

Wanaosema haya yatachelewesha uzalishaji wa umeme watuonyeshe hesabu. Wanaosema hii ni siri ya usalama wa bwawa watuambie ni siri gani inayovuja kwa kumwambia mkulima wa Chumbi kwamba maji yatapanda keshokutwa.

Na kazi ianze kwa jambo dogo ambalo halihitaji Bunge wala mfadhili. Penye mitumbwi, Utete, na vivyo hivyo Mloka na Muhoro, isimikwe nguzo yenye alama za rangi zinazosomeka kutoka mbali, na kijana mmoja katika kila sehemu alipwe kusoma kina chake kila asubuhi na kukiandika kwenye ubao, pembeni ya kiasi kilichofunguliwa bwawani jana yake. Mpunga unapandwa Novemba. Nguzo hizo ziwe zimesimama kabla ya hapo.